Mashine Iliyo Chini ya Shuka la Maua

Tehran, 4 Novemba 1994

Shangazi yangu mpenzi,

Kuna sauti moja imenifuata mpaka huku bwenini. Ni pete ya akiki ya kaka Behzad ikigonga kioo cha dirisha. Mara mbili, kisha kimya. Ijumaa ile ulikuwa ukifyonza vumbi sebuleni, naye amekaa nje ukingoni mwa hodhi, blanketi mabegani, akisubiri umalize. Aligonga kuuliza kama sasa anaweza kuingia. Wewe hukusikia kwa ngurumo ya mashine. Nilisikia mimi, nikampungia mkono kwamba bado. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa treni imechelewa, akarudi kukaa. Baridi ilikuwa imeshaanza.

Nisamehe, nimetanguliza hilo kabla ya salamu. Nabusu mikono yako. Nilifika salama, basi lilichelewa Qom lakini si sana. Maabara yetu bado haina joto na tunavaa makoti juu ya makoti. Nader alikuja na mama yake kunisalimu, wakaleta biskuti, wanakusalimu sana na wanaulizia siku ya harusi yetu. Nimewaambia ni baada ya Nairuzi, mwaka mpya ukishaingia, kama ulivyosema.

Sasa jambo lenyewe. Mashine yetu ya kufyonza vumbi haifai tena. Siku ile nilisimama nyuma yake jua likiingia dirishani, nikaona vumbi linaingia mbele na kutoka nyuma, laini zaidi kuliko lilivyoingia. Ule mfuko wa kitambaa wenye viraka viwili unashika makombo na nywele, basi. Kile kinachomuumiza Behzad mashine inakirudisha hewani. Anakaa nje saa nzima, halafu anaingia kukivuta.

Huku Tehran kuna mtaa mzima wa vifaa vya umeme. Nipe ruhusa nitafute mashine inayofaa. Niambie tu unataka iweje, maana mazulia ni yako.

Behzad anapumuaje usiku?

Wako, Farangis


Yazd, 22 Novemba 1994

Farangis, nuru ya macho yangu,

Barua yako ilifika juzi. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mkomamanga umezaa kama umechanganyikiwa. Nimempa dereva wa basi katoni moja akuletee. Mwambie nimezihesabu, asije akajifanya zimeoza njiani. Mke wa mwoka mikate amejifungua msichana, na mwoka mikate anamwangalia kama mkate wa kwanza uliowahi kutoka vizuri tanurini mwake.

Umeniandikia kurasa mbili juu ya mfuko wa mashine. Ndiyo kemia mnayofundishwa huko? Mashine hiyo alikuja nayo mama yako alipoolewa na kaka yangu, Mungu awarehemu wote wawili. Mfuko wake nimeushona mimi, naijua inapokohoa na inapotania.

Lakini najua hutanyamaza, maana hujawahi. Basi sikia. Isiwe na ile brashi ya kuzunguka. Jirani alinunua ya namna hiyo, ikala matamvua ya zulia la Kashan mpaka likabaki kama mbwa aliyenyolewa. Isingurume sana. Iwe nyepesi, magoti yangu unayajua. Na usiniambie niondoe mazulia. Daktari alishaniambia, nikamuuliza kama nyumbani kwake wanaketi juu ya saruji, akaandika dawa tu.

Behzad hajambo. Anakusalimu. Anasema ukipata mume msomi usimpige.

Shangazi yako, Turan


Tehran, 9 Desemba 1994

Shangazi mpenzi,

Nabusu mikono. Komamanga zilifika zote arobaini. Dereva alinihesabia mwenyewe moja moja mbele ya abiria, uso umemwiva. Wenzangu wa chumbani wanakuombea dua kila jioni wakiwa na midomo myekundu. Mtihani wa kwanza nimepita. Nader ameanza kazi kwenye ofisi ya ramani, na mama yake, Bi Adib, anataka kuja Yazd kukuona.

Nimetembea maduka tisa. Nilibeba tochi. Nikiingia naomba waniwashie mashine, wazime taa, halafu namulika nyuma yake. Duka la sita mwenye duka alinitazama sana.

"Dada, unataka kuinunua au kuipeleleza?"

"Nataka kuona inachotema."

"Mashine haitemi, dada. Inameza."

"Basi zima taa, tuone inavyomeza."

Akamwita jirani yake: "Haji, njoo uone, leo nimeletewa mkaguzi." Jirani akaja na kikombe cha chai. Wakazima taa. Ilikuwa ile kubwa ya mfano wa pipa, yenye nguvu kuliko zote dukani, na ndani ya mwanga wa tochi vumbi lilikuwa linapanda kama moshi wa udi. Hakuna aliyecheka tena. Mwenye duka akawasha taa polepole.

"Nani mgonjwa nyumbani?"

"Kaka yangu. Alivuta ile hewa ya sumu, vitani."

Akanivutia kiti. Akaniambia mashine yake nisinunue, wala za wenzake wa mtaani. Akasema ninayoitafuta ni ile ya maji: unatia maji kwenye ndoo yake, vumbi linapita ndani ya maji na kuzama, hewa inatoka imenawa. Haina mfuko wala brashi ya kuzunguka. Lakini kwa sasa haziingii nchini.

"Zilikuja zamani kidogo, mikononi mwa mahujaji," akasema. "Walizibeba kutoka Jeddah. Na nikwambie kitu, nusu yake mpaka leo hazijafunguliwa."

Nilipotaka kulipia chai alikasirika kweli.

Kwa hiyo sasa najua tunatafuta nini, ila sijui tuipate wapi. Uliza hapo kwenu. Pengine yupo haji mwenye nayo ambaye haitaki. Na tafadhali nijibu lile nililouliza mara ya kwanza. Usiku anapumuaje?

Wako, Farangis


Yazd, 17 Januari 1995

Farangis, roho yangu,

Usishangae kimya changu. Nilikuwa na mambo. Behzad alishikwa na kifua kidogo, ameshapoa. Theluji ilianguka siku moja, watoto wa mtaa wakaikimbilia na mabakuli kabla haijayeyuka, na mimi nilikuwa na bakuli langu, sikufichi.

Kuhusu hiyo mashine ya maji: nimeuliza, hakuna. Usijichoshe. Rudi kwenye vitabu vyako, haya ya vumbi niachie mimi, nimepigana nalo miaka hamsini na sita na bado nimesimama.

Habari kubwa ni kwamba Bi Adib amekuja. Mwanamke wa heshima, anazungumza kama anapima maneno kwa mizani ya zafarani. Nilimfungulia chumba cha nyuma akaona vyombo vyako vyote vya harusi. Alikuja na dada yake, mimi nikamwita mke wa mwoka mikate, tukaandika orodha mbele ya mashahidi kama inavyotakiwa, nakala mbili, sahihi chini. Samova ya kuchemshia chai na sinia yake. Sahani za watu kumi na wawili. Cherehani. Sufuria za shaba. Mafundo sita ya matandiko. Zulia moja la Kerman. Na vitu vingine. Alipomaliza akasema: "Bi Turan, msichana huyu ana mama." Nilitoka nje kidogo nikajifanya naangalia birika.

Basi ndiyo hivyo. Kula vizuri. Ramadhani inakaribia, usifunge kama unaumwa tumbo.

Shangazi yako, Turan

*Bibi Mkemia, shangazi ameniachia bahasha niipeleke posta, hajaifunga vizuri. Mashine unayoisaka Tehran nzima na tochi imelala chumba cha nyuma, chini ya shuka la maua, kati ya cherehani na matandiko. Ni namba kumi na nne kwenye orodha. Sijakwambia kitu. Behzad.*


Tehran, 29 Januari 1995

Shangazi,

Salamu na heshima. Mimi mzima. Leo sina habari nyingine.

Namba kumi na nne kwenye orodha ni nini?

Na "kifua kidogo" kilikuwa kidogo kiasi gani? Jibu yote mawili kwenye barua moja, tafadhali, na usiniandikie habari za theluji.

Farangis


Yazd, 20 Februari 1995

Farangis, mwanangu,

Mdomo wa kaka yako ningeushona ningekuwa na uzi wa kutosha. Nakuandikia kabla ya futari, tumbo tupu, kwa hiyo utanivumilia nikiwa mkali.

Namba kumi na nne ni mashine ya kufyonza vumbi, ya maji. Nilipokwenda kuhiji, mwaka themanini na tano, wewe ulikuwa na miaka kumi na minne. Wenzangu walinunua dhahabu na vitambaa. Mimi niliibeba hiyo kutoka Jeddah, kwenye ndege nimeipakata kama mtoto, mhudumu ananiambia, "Hajia, iweke chini," nami namwambia, "Ya kwako ndiyo uiweke chini." Haijafunguliwa tangu siku hiyo. Imo ndani ya boksi lake, na utepe wa dukani juu yake.

Hukuwahi kusikia watu walivyosema mama yako alipozikwa. Ulikuwa mdogo, ulikaa mapajani mwangu unachezea ushungi. Mmoja alisema, tena si kwa sauti ya chini, "Maskini, huyu ataolewa mikono mitupu." Nilimsikia. Sijamjibu mpaka leo, kwa sababu nilikuwa nakusanya jibu. Kila mwaka kitu kimoja. Chumba cha nyuma ndilo jibu langu, Farangis, na kimejaa.

Kwa hiyo usiniambie niifungue. Nilipoinunua, kifua cha Behzad kilikuwa kizima kama ngoma, alikuwa hajaenda vitani. Nisingejua. Sasa si yangu wala si yake, ni yako, na imeandikwa, na mama wa mume wako ameisoma kwa sauti mbele ya dada yake. Bi harusi hapeleki chombo kilichotumika. Nikitoa kimoja, wataangalia vilivyobaki kwa jicho gani? Kuna usiku nimesimama mlangoni mwa chumba hicho na mkasi mkononi, na nikarudi kulala. Hilo sikutaka ulijue.

La pili. Alilazwa usiku kumi na moja. Walimtia hewa ya mtungi. Hakutaka uambiwe kwa sababu ya mitihani, na mimi nikakubali kwa sababu mimi ni mwoga wa barua zako. Sasa yuko nyumbani. Kufunga amekatazwa, kwa ajili ya dawa, na anaona aibu, anakula jikoni amejigeuza ukutani.

Ramadhani ikiisha naenda Mashhad, kwenye kaburi la Imamu, na msafara wa akina mama kumwombea, siku kumi, kuanzia tarehe sita Machi. Njoo ukae naye. Mpikie supu ya shayiri, usitie ndimu nyingi. Usafi mkubwa wa Nairuzi usiuanze, nitauanza mwenyewe nikirudi. Ufunguo wa chumba cha nyuma sikwambii ulipo.

Niwe fidia yako, shangazi yako, Turan


Yazd, 13 Machi 1995

Shangazi yangu, mama yangu,

Nakuandikia kwa anwani ya nyumba ya wageni uliyoniachia, nampa dereva wa basi la Mashhad aibebe, natumaini barua itakukuta kabla hamjaondoka. Ziara yako ikubaliwe. Tuko salama wote wawili. Supu nimepika mara tatu, na kila mara Behzad amesema ni bora kuliko mara iliyopita, nami sijamwamini. Kuku wa jirani wameingia bustanini na kula mbegu zako za mrehani, nimepanda nyingine. Mke wa mwoka mikate analeta mkate asubuhi na kukaa mpaka adhuhuri.

Nilipofika nilimkuta amehamishia godoro lake jikoni. Hakuniambia kwa nini. Nilitazama chini nikaelewa: jikoni kuna vigae, hakuna zulia. Kaka yangu analala kati ya jiko na kapu la vitunguu ili apate kupumua, na sebule ya mazulia manne imebaki tupu, safi, imepangwa mito kana kwamba wageni wanakuja. Wewe ulilijua hilo. Kwenye barua zako zote tatu hukuliandika. Sikulaumu, Shangazi. Na mimi kuna nililolificha: tangu Novemba nimekuwa nikiamka bwenini nikiisikia ile pete, na nimekuwa nikikuuliza habari za mashine kwa sababu niliogopa kukuuliza kama atakufa.

Ufunguo ulikuwa kwenye kopo la chai. Ulikuwa hapo nilipokuwa na miaka kumi pia.

Nilipofunua shuka la maua Behzad alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Usifungue," akasema.

"Kwa nini uliniandikia, basi?"

"Nilitaka ujue ipo. Sikusema uiguse."

"Nyinyi watu wa nyumba hii mnamkaribisha mgeni huku mmeshikilia mlango."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, tukasubiri kipite, yeye ameshika fremu ya mlango na mimi nimeshika mkasi. Kilichukua muda. Kilipopita alikuwa na machozi machoni, ya kukohoa tu, akasema, "Shangazi atanung'unika mpaka Nairuzi ya mwakani."

"Anung'unike. Atakuwa ananung'unika na wewe upo."

Akasogea kunipisha. Nikakata utepe.

Ina rangi ya kijivu, Shangazi, ina magurudumu madogo, na ndani bado inanuka duka. Bomba lake la mpira lilikuwa limekakamaa kwa miaka kumi ya kulala. Tuliliwekea maji ya moto kwenye beseni la kufulia mpaka likalainika. Plagi ilikataa kuingia ukutani kwetu. Nilidhani mambo yamekwisha, lakini Behzad aliitazama kwa dharau. "Lete bisibisi," akasema, akakaa chini juu ya vigae akaibadilisha. Sikuwa nimemwona akitengeneza kitu tangu arudi kutoka vitani.

Nilitia maji mpaka kwenye mstari. Behzad akachukua blanketi lake aende nje kwenye hodhi, kama kawaida yake.

"Kaa," nikamwambia.

"Farangis."

"Simama mlangoni tu. Ukihisi kitu, toka."

Akasimama, mguu mmoja ndani. Nikafunga mapazia, nikampa tochi aishike mwenyewe, nikawasha. Inanguruma, sikudanganyi, lakini chini, kama mtu anayezungumza chumba cha pili. Nilianza na zulia jekundu. Alimulika nyuma ya mashine. Akamulika juu, akamulika pembeni. Hakukuwa na kitu, Shangazi. Mwanga ulipita mtupu mpaka ukutani. Baada ya muda niligeuka kuangalia kama ametoka, na alikuwa ameketi katikati ya zulia, viatu pembeni, kiganja kimelala juu ya sufu, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua. Tulimaliza vyumba vyote vinne na kioo hakikugongwa.

Yale maji yalitoka meusi kama chai iliyolala. Aliyabeba mwenyewe akayamwaga kwenye mkomamanga. Matamvua yote yapo, nimeyahesabu kama dereva wako.

Ni siku tano sasa. Tunafyonza kila asubuhi na kila asubuhi maji yanatoka meupe zaidi. Godoro lilirudi chumbani kwake siku ya tatu. Bado anakohoa alfajiri, na sitakwambia amepona, kwa sababu hajapona na hatapona. Lakini Ijumaa usiku alilala saa sita mfululizo. Nilikaa na saa mkononi nikihesabu.

Sasa ile orodha. Nilifikiri juu yake sana, na juu ya yule mwanamke aliyesema neno lile kwenye msiba wa mama. Jibu lako ni zuri, Shangazi, nimekaa ndani yake nikaliangalia kitu kimoja kimoja, na sijawahi kupendwa hivyo na mtu yeyote. Ila sidhani kama litapungua kwa kukosa namba kumi na nne. Sikutaka jambo hili ulibebe wewe mbele ya Bi Adib, wala mimi nilifiche mpaka siku ya harusi. Kwa hiyo Jumamosi nilimwacha Behzad na mke wa mwoka mikate, nikapanda basi la usiku mpaka Tehran, asubuhi nikagonga mlango wake nakala yetu ikiwa mkononi. Namba kumi na nne nilikuwa nimeikata kwa wino, na pembeni nimeandika jina langu na neno moja: imetumika.

Aliisoma amesimama. Akaniuliza, "Ni kwa ajili ya kaka yako?" Nikasema ndiyo. Akaenda ndani akakaa muda mrefu, nikamsikia akizungumza na Nader kwa sauti ya chini. Alirudi na nakala yake, akaniomba kalamu, akakata mstari uleule, akaandika jina lake chini ya langu. Kisha akasema nisiondoke kabla ya kula. Nader alinisindikiza mpaka stendi, na alichoniuliza tu ni mashine inabadilishwa maji mara ngapi. Juu ya harusi sijui watasema nini wakikaa wawili. Nitajua siku wakija au wasipokuja.

Ukirudi utaikuta sebuleni, karibu na dirisha, imefunikwa na lile shuka lako la maua. Ile ya mama nimeisafisha nikaiweka chumba cha nyuma, mahali palipobaki wazi. Usafi wa Nairuzi tumeuanza bila wewe, tumefika nusu.

Na boksi la Jeddah nimelikata vipande nikalipeleka jalalani mwenyewe, ili ukifika usipate pa kuirudisha.

Nabusu mikono yako yote miwili.

Farangis